Kitanda cha Tisa Sita

Pale Kawangware 56, jijini Nairobi, fundi Sifuna hutengeneza vitanda vinavyodumu kuliko ndoa za wateja wake. Siku moja alitaka kupasua ubao vipande saba sawa. Akapiga moja gawanya kwa saba kwenye simu, na baada ya nukta ikatoka 142857, halafu 142857 tena, kama jirani anayerudi kuomba chumvi. Akaizidisha kwa mbili: 285714. Kwa tatu: 428571. Tarakimu zile zile, zimebadilishana viti tu.

Fundi akaifanya desturi ya nyumba. Kila Nasike, mkewe, alipopata mimba, Sifuna alitengeneza kitanda mapema na kuchonga namba ya mtoto kwenye ubao wa kichwani. Lavender, kifungua mimba, alipata namba yenyewe. Wa pili, mara mbili yake. Hadi wa sita, 857142.

"Hakuna anayetoka, hakuna anayeingia," Sifuna alizoea kusema. Majirani zake wa mtaa wa Gatina walidhani ni namba za siri za simu.

Kisha Nasike akapata mimba ya saba.

Sifuna akazidisha kwa saba, akazima simu, akaiwasha, akazidisha tena. 999999. Mimi, rafiki yake, nikamtania kwamba hiyo ni kupiga 999 ya polisi mara mbili. Hakucheka. Mbao za kitanda cha mtoto zikabaki zimeegemea ukuta huku tumbo likikua, naye akawa analitazama tumbo hilo kama mtu aliyesikia hodi na hakualika mgeni.

Ilipokaribia siku ya kujifungua, Nasike akaja karakana, mkono kiunoni, akauliza kitanda kiko wapi.

"Hii namba haina hata mmoja wetu ndani," Sifuna akamwambia. "Ni mgeni, mara sita."

Mimi, niliyeiacha diploma katikati kama daraja la kampeni, nikamshauri aruke saba, azidishe kwa nane. Ikatoka 1142856. Nikamwonyesha: ukiitoa ile moja ya mbele na kuijumlisha na zilizobaki, 142857 inarudi nyumbani. Nikajiona nimemaliza kesi.

Fundi akachomeka penseli sikioni. "Basi huyu anayekuja ni wa nane. Wa saba ni nani?"

Nasike alijibu bila kupandisha sauti.

"Mtoto wangu mpe ya nane, Baba Lavender. Hizo tisa zikitaka mtu, zilalie wewe."

Jentrix alizaliwa salama, mnono, na kitanda chake kikawa tayari, namba ya nane kichwani. Nilipopita karakana kumpongeza baba, nikamkuta amelala chali juu ya maranda, mikono kando, kama anayesubiri kufunikwa. Kando yake palikuwa na ubao mpya wa kichwani, tisa zote sita zimeshachongwa. Akaninyooshea tepu, akaniomba nimpime toka utosini hadi kisiginoni.

Nikampima, nikamtajia.

"Ongeza kidogo, wa saba asibanwe," akasema, amefumba macho.