Mwanvua na mguu usiosikia moto

Saa kumi na moja alfajiri, kaa jekundu linadondoka kutoka kwenye mdomo wa tanuri na kubingirika hadi karibu na mguu wa kulia wa Mwanvua Ayoubu, mwokaji mikate wa Kasongo. Amekuja tu kuleta madonge ya unga. Anaruka nyuma kama aliyeona nyoka.

"Sifa! Kaa! Kaa!"

Mdogo wake analizoa kwa koleo. "Yaya," anamwambia dada yake mkubwa, "zamani ulikuwa unayapiga teke."

"Zamani nilikuwa mupumbavu. Zoa."

Na nyoka, Mwanvua anamjua vizuri. Mmoja alimuuma kwenye shamba la mpunga, akakatwa mguu huo wa kulia chini ya goti. Baada ya miaka ya magongo alipewa mguu bandia wenye wayo wa nyuzi za kaboni, mwepesi, unaodunda. Mtaa mzima ulikuja kuutazama.

Na Mwanvua, lazima isemwe, alianza kujigamba. Alisukuma makaa kwa wayo ule. Alizuia bati la tanuri kwa wayo ule, watoto wakapiga makofi. Ulipolowa mvua, aliuegemeza kwenye tanuri ukauke, kama kiatu.

"Haukuuma," anasema. "Kitu kisichouma, utajuaje kama kinaumia?"

Siku ulipovunjika, haukuwa karibu na moto hata kidogo. Mwanvua alikuwa akishuka kwenda sokoni, beseni kichwani, asubuhi ya baridi. Wayo ukafunguka tabaka kwa tabaka. Mikate ikatapakaa topeni, naye juu yake.

Raphaël, fundi wa viungo bandia anayepita Kasongo mara chache, alivikagua vipande.

"Nyuzi zenyewe zinavumilia moto," alimwambia. "Gundi inayozishika ndiyo inalegea. Tabaka zinaachana polepole, kisha uzito wa mutu unamaliza kazi. Mama, huu ni muguu, haiko koleo."

Alimletea mwingine kwa sharti: huu ukiharibikia motoni, hakuna wa tatu.

Basi mwanamke aliyesifiwa kwa mkate laini amemwachia Sifa tanuri. Yeye hukanda nyuma ya ukuta wa udongo, akinyoosha shingo kuchungulia kazi yake mwenyewe ikiharibika. Mikate ya Sifa hutoka na tumbo jeusi. Wateja wamepungua.

"Yaya, wanasema ni wewe umesahau kuoka."

"Waseme."

Msimu wa kiangazi anataka kupanda pikipiki hadi mji wa Nyangwe, azunguke sokoni na mikate kati ya wauza samaki, bila magongo.

"Nitauza hii hii nyeusi," anasema. "Wakiuliza nani ameunguza, nitasema ni miye. Sifa atajifunza. Muguu haujifunzi."