Landrova Tuliyowauzia Watu wa Mikumi

Macho ya mume wangu yalipoanza kuingia ukungu, tuliamua kuuza Landrova. Alikuwa fundi wa magari katika shamba la mkonge hapa Kilosa, na gari lile alilinunua likiwa mkweche kwa meneja Mzungu aliyerudi kwao baada ya Uhuru. Tangu hapo hakuacha kulibadilisha. Aliinua bodi ili lipite mitoni wakati wa masika, akafunga tairi za lori, akachomelea tangi la pili la mafuta, na nyuma akajenga kibanda cha mbao za mninga chenye kitanda cha kukunja. Hapakuwa na jingine kama lile.

Wanunuzi walikuwa mwenyekiti na katibu wa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Mikumi. Baada ya shikamoo na marahaba, mume wangu aliwazungusha gari zima akipapasa na kueleza. Waliitikia tu. Kisha mwenyekiti akauliza, "Mzee, likiwashwa likasimama papo hapo kutwa nzima, linachemka?"

"Lisimame linafanya nini?"

"Linanguruma tu."

"Halichemki. Feni nimeibadilisha mwenyewe."

Wakalichukua. Walipoondoka mume wangu akaniuliza, "Mama, wale watu wanajua gari kweli?"

Baada ya mavuno tulikwenda Mikumi kumwona dada yangu, na mume wangu akaomba tupitie kile kijiji. Kabla hatujafika alisimama njiani, akatega sikio kusikiliza mngurumo.

"Ndilo hilo. Lakini mbona halisogei?"

Mimi nilikuwa nimeshaliona. Ekseli ya nyuma ilikuwa imeegemezwa juu ya magogo, tairi hazipo, na mkanda mpana ulitoka penye gurudumu ukaingia kwenye banda la pembeni. Wanawake walikuwa kwenye foleni na madebe ya mahindi. Kibanda cha mninga kilikuwa kimebomolewa, mbao zake zimekuwa mlango wa ofisi ya kijiji.

"Linasaga unga," nikamwambia.

Alicheka, halafu akaacha, kama mtu asiyejua amecheka nini. Mama mmoja, mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi, aliniambia kwamba tangu wahamishiwe pale walikuwa wanatwanga kwa mchi mpaka mikono ikavimba. Nilimfurahia kwa moyo wote, na papo hapo nikatamani kulia. Sikujua nishike lipi.

Mume wangu aliweka kiganja juu ya boneti. "Mtaliendesha tena?" akamuuliza mwenyekiti.

"Kwenda wapi, mzee?" Aliuliza kwa upole, hakukusudia kejeli.

Mume wangu aliondoa kiganja chake.

Wanakijiji walitupatia kifurushi cha unga. Ndani ya basi mume wangu alikipakata, unga ukimchafua suruali.

"Kwani sisi tuliuza gari," akasema, "au tuliuza nini?"

Jioni nilisonga ugali wa unga ule. Alikula vizuri, akaniomba nimwongeze, lakini usiku ule hakutaka tulizungumzie tena.