Kuni za Wageni

Juzi, sokoni Bariadi, nilibishania bei ya kapu la ukindu mpaka muuzaji akasema, "Chukua, baba, uniondokee." Harufu ya kapu ikanirudisha jikoni kwa bibi, kule Sola.

Kando ya mafiga palikuwa na kapu la kuni kavu tusizoruhusiwa kugusa. Tulipikia mabua ya pamba yaliyotutoa machozi, huku mama akikohoa chumbani.

"Bibi, hizi za nani?"

"Za wageni, ng'wanawane, mwanangu." Akageuza uso, akasingizia moshi.

Kwangu mimi, wageni walikuwa wali na nyama. Nikaona wanachelewa kwa sababu kapu halijajaa. Mchana ule nikaokota kuni sita, nikazishindilia, nikahesabu mara mbili: ishirini na tisa. Nikamkimbilia mama kitandani.

"Mama, kapu limejaa! Wageni watakuja!"

Alinitazama sana. "Hesabu tena, baba. Huenda zimepungua."

Nikahesabu tena. Zilikuwa zilezile.

Wiki haikuisha, wageni wakaja, wakakaa uani kuuzunguka moto wa msiba wa mama, ambao bibi aliuandalia kuni mapema ili tusiaibike. Wali ulikuwepo, na nyama. Kuni zilitosha, zilibaki mbili.