Kaari na Maombi ya Sauti Kubwa

“Nyumba zenu zote nimeingia! Mgonjwa nimempelekea uji, aliyejifungua nimemfulia nepi, na kwangu hata mbwa wa jirani hapiti. Kila Jumapili ninapika chai ya kujaza birika, jioni ninaimwaga. Mnaniogopa, ama ni nini?”

Kaari alikuwa anatufokea sisi akina mama nje ya kanisa letu hapa Mitunguu, Biblia kwapani. Wengine wakajifanya wanatafuta watoto wao. Mimi nikamjibu, “Kaari, chai yako haina shida. Shida ni redio.”

“Redio gani? Yangu iliharibika tangu Krismasi.”

Na mimi nikaanza kutafuta watoto wangu.

Kaari ni mjane, ana shamba la ndizi kando ya mfereji, na watoto wake wako Nairobi. Moyo wake ni mkubwa. Ukilazwa, yeye ndiye anafika wa kwanza. Lakini chochote alichokiona kwako, Alhamisi kwenye ushirika wa akina mama atakiombea, tena kwa sauti. Yeye haoni kama ni umbea. Anaamini kabisa anakusaidia, na machozi yanamtoka.

Hivi majuzi Ntinyari, binti ya Makandi, aliachwa na mchumba wake harusi ikiwa karibu. Makandi alimnong'onezea Kaari peke yake, kwa maana ni marafiki tangu darasa la kwanza. Alhamisi Kaari akapiga magoti: “Baba, mguse yule kijana wa Timau aliyemkataa binti ya dada yetu Makandi, na unajua kitenge cha sare tayari kimeshonwa!” Makandi aliinuka kabla ya Amina. Hakurudi tena kwa ushirika, na Kaari akawa anauliza kila mtu, “Makandi nimemkosea nini?” Hakuna aliyemwambia. Hata mimi na mdomo wangu huu.

Basi wiki hiyo ya kufokewa tukapata mkutano wa injili. Kwaya ilitoka Embu pamoja na vijana wa maigizo, tukagawana wageni. Kaari akapewa msichana mmoja anaitwa Linda, akamlisha mpaka msichana akaomba msamaha. Mchana alimzungusha kwa marafiki, nyumba hadi nyumba. Kwa Makandi waliambiwa mama hayuko, na viatu vya mama viko hapo mlangoni. Jioni Kaari alikaa mbele kabisa. Ile kwaya ya Embu inaimba na mwili mzima! Kaari alicheza mpaka kilemba kikaanguka, akakikanyaga bila kujua.

Ijumaa ikawa zamu ya maigizo. Linda akatokea amejifunga leso kichwani, akapiga magoti: “Baba, mkumbuke jirani yangu. Sitamtaja jina, lakini ni ile nyumba ya mabati ya kijani mkabala na mashine ya kusaga. Bwana yake analala jikoni, Baba, na blanketi ni moja!”

Watu wakaanguka kwa kicheko. Kaari alicheka kuliko wote, akanipiga kiwiko: “Kuna watu wako hivi, ukweli wa Mungu!”

Ndipo vichwa vikaanza kugeuka, safu baada ya safu. Hakuna aliyekuwa anamtazama Linda. Nimeona watu wengi wakiaibika, lakini sijawahi kuona mtu akiaibika mdomo ukiwa bado wazi kwa kicheko. Na mimi nilikuwa nimegeuka kama wengine.

Aliniambia baadaye kwamba walipofika nyumbani alimuuliza Linda, “Nani alikupa habari zangu?”

“Mama, sikuambiwa kitu. Hilo igizo tunalo tangu mwaka jana. Ni la mama mmoja wa kwetu Embu.”

“Na huyo mama alipoliona?”

“Alicheka sana. Mpaka leo hajajijua.”

Jumamosi asubuhi Kaari akanijia, macho yamevimba. “Nisindikize kwa Makandi. Nikiwa peke yangu hatafungua.”

Makandi alifungua, akasimama katikati ya mlango. “Leo umekuja kuona nini?”

“Sijakuja kuona. Nina deni lako.” Kaari alikuwa anatazama chini. “Uliniambia jambo la moyoni nikaligawa kanisani. Wewe nilikuaibisha, na Ntinyari nikamwaibisha. Nilisema ninaomba, na kumbe ninatangaza. Nisamehe, Makandi.”

Jikoni, Ntinyari alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikanyamaza.

Makandi alimkagua Kaari toka kilemba hadi viatu, mpaka mimi nikaanza kutafuta njia ya kurudi. Kisha akatupisha, tukaingia, tukakaa. “Haya,” akasema. “Tuombee.”

Mungu wangu. Kaari akafumba macho. Makandi aliacha moja wazi, na mimi pia.

“Baba,” Kaari akaanza, akajizuia. “Baba, unatuona. Amina.”

“Ni hayo tu?”

“Mengine anayajua.”

Kicheko cha kwanza kilitoka jikoni. Makandi akajaribu kukaza uso, ukamshinda, akajifuta macho na leso. “Wewe mwanamke! Basi, deni limeisha. Ntinyari, ongeza maji kwa chai, hawa hawaendi saa hii.”