Kufuli na Sheria ya Mabao

Jina alilopewa na mama yake alilisikia siku ya mshahara tu, karani anapoita orodha. Siku nyingine zote alikuwa Kufuli: beki wa kati wa kiwanda cha magunia kwa miaka kumi na minne, goti moja limeshonwa, pua imepinda kushoto. Hakuwa na mbio wala chenga. Maisha yake yote alifunga mabao mawili, na moja alijifunga mwenyewe. Lakini washambuliaji wa ligi nzima ya viwanda walikuwa wakiulizana kabla ya mechi kama Kufuli yupo, na wakiambiwa yupo, wanakaza kamba za viatu kwa kununa.

Mpira ndio uliomtoa kwenye chumba cha mashine. Alianza kazi humo akiwa na miaka ishirini, mahali nyuzi zinapochanwa na vumbi lake linaning'inia hewani kutwa, mtu unalimeza kama chakula. Wazee wa chumba kile walikohoa kwa kupokezana, huyu akimaliza yule anaanza. Mwaka wake wa kwanza waliwazika wawili. Kisha kocha akamwona akicheza nyuma ya kiwanda wakati wa mapumziko, akasema na meneja, na wiki iliyofuata Kufuli akahamishiwa ghalani kupanga marobota kwenye hewa safi. Wachezaji wote walikuwa ghalani, getini au ofisini. Ziliitwa nafasi za wachezaji. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake: mapafu yako yanategemea miguu yako.

Mwanzoni mwa msimu kamati ya ligi ilitangaza sheria mpya. Sare ya bila kwa bila haitakuwa na pointi. Sare yenye mabao, pointi moja kwa kila timu kama zamani. Katibu wa kamati, mtu wa kukaa jukwaa lenye kivuli na chupa ya maji baridi, alisema watazamaji wamechoka kulipa kiingilio waangalie watu wakijifungia ndani.

Kwenye kantini mjadala uliwaka.

"Sema kweli, Kufuli," alisema dereva wa winchi, mdomo umejaa. "Nyie mnachosha. Nimekuja uwanjani mara mbili, na mara zote mbili nimesinzia."

"Umesinzia kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa. Ungeweza kusinzia kwenye nyumba isiyo na mlango?"

Watu walicheka. Dereva hakukubali. "Mpira ni mabao, ndugu yangu. Bila bao hayo ni mazoezi ya viungo."

"Wanataka mabao? Sawa. Wamwongezee anayeshinda. Wamwadhibu kipa anayelala na mpira. Hayo nakubali. Lakini kumnyang'anya mtu alichokilinda kwa jasho dakika tisini, huo si mchezo. Kuzuia nako ni kazi."

"Kazi ya mbwa wa getini!" alidakia mtu wa meza ya pili, na kantini ikaangua kicheko. Kufuli naye akacheka, lakini chai yake hakuimaliza.

Msimu ule kiwanda cha magunia kilitoka bila kwa bila mara sita. Kwa sheria ya zamani wangekuwa katikati ya msimamo, wametulia. Kwa sheria mpya walifika mechi ya mwisho wakiwa ukingoni mwa kushuka daraja, na meneja akabandika tangazo getini: timu ikishuka itavunjwa, na wachezaji watarudi idara zao za awali. Kwa Kufuli idara ya awali ilikuwa chumba cha vumbi.

Wapinzani wao wa mwisho walikuwa kiwanda cha sabuni. Nao walikuwa pale pale ukingoni, na uongozi wao ulitoa tishio baya zaidi: kwao timu ikivunjwa, wachezaji wanaachishwa kazi. Nahodha wao alikuwa mume wa mdogo wa kike wa Kufuli.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Sare ya moja kwa moja ingewaokoa wote wawili. Bila kwa bila ingewazamisha wote wawili. Mmoja akishinda, mwenzake amekwisha.

Walikutana nyumbani kwa mdogo wake siku mbili kabla, mchana, watoto wamefukuzwa wakacheze nje.

"Nyie mtangulie," alisema shemeji yake kwa sauti ya chini. "Kipa wetu atachelewa kuruka. Kipindi cha pili naingia mimi kwa upande wako. Wewe angukia kushoto, mimi napita kulia kwako. Wenzangu wanajua, nawe waambie wako. Basi."

"Sijawahi kumpisha mtu, shemeji."

"Najua. Ndiyo maana hakuna atakayeshuku."

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, mtoto wa nne mgongoni. "Kaka, nakujua tangu tukiwa wadogo. Hata kipande cha mkate ulikuwa huachii. Jumapili achia."

"Nitaachia, mdogo wangu."

"Apia."

Akaapa.

Usiku na mchana alikuwa akijifundisha kuanguka. Mkewe alimkuta uani akijitupa kushoto peke yake, anainuka, anajipangusa, anajitupa tena. "Baba watoto, umeanza wazimu?" akauliza.

Jumapili uwanja ulijaa. Dakika ya thelathini magunia wakapata bao lao. Kipa wa sabuni aliruka wakati mpira umeshatulia wavuni. Jukwaani katibu alisimama akapiga makofi, akamgeukia mgeni wake: "Umeona? Sheria nzuri huzaa mpira mzuri!" Wale vijana wa watu walikuwa wakiigiza ili wasife njaa, naye akaona mpira mzuri.

Kipindi cha pili, dakika ya sabini, shemeji alipokea mpira katikati, akamzunguka mtu mmoja, akamjia Kufuli uso kwa uso. Wakatazamana. Shemeji hata alitabasamu kidogo. Kufuli alijiambia, kushoto, kushoto.

Mguu wa kulia haukumsikiliza. Mpira ulipojitenga kidogo na kiatu cha shemeji, nusu hatua tu, miaka kumi na minne ilimsukuma mbele akiwa hajawaza lolote. Akateleza kwa ubavu, akaugonga mpira safi kabisa, ukatoka nje. Refa hakupuliza kipenga. Halikuwa kosa.

Ila mchezaji anayejua atakabwa huruka. Shemeji hakuruka, kwa sababu alikuwa ameambiwa njia iko wazi. Mguu wake ulibaki umesimama ardhini, na mwili mzima wa Kufuli ukaupitia. Mlio ulisikika mpaka kwenye mstari wa pembeni. Kisha shangwe: "Kufuli! Kufuli!"

Walipomtoa shemeji kwa machela, wachezaji wa sabuni walimtemea Kufuli mate. Aliwakimbilia wenzake, mmoja mmoja. "Waachieni bao. Jamani, waachieni, tuliahidi!"

"Unaniambia mimi?" kipa wake alimfokea. "Wewe mwenyewe umeachia? Meneja ananitazama pale."

Sabuni walishambulia kwa hasira hadi mwisho. Mara mbili Kufuli alisimama kando makusudi, mikono imelegea, na mara zote mbili kipa akapangua. Moja bila. Magunia walibaki kwenye daraja lao. Katibu alisema mbele ya watu kwamba hiyo ndiyo mechi bora ya msimu.

Msimu uliofuata kamati ilirudisha sheria ya zamani, baada ya sare za moja kwa moja kuwa nyingi mno hata kwa macho ya jukwaani. Hakuna aliyeomba radhi. Wanaozitunga sheria kivulini hawajawahi kushuka daraja.

Kufuli alikwenda hospitali siku ya tatu baada ya mechi ile, asubuhi kabla ya zamu. Barua ya kuachishwa kazi kutoka kiwanda cha sabuni ilikuwa imefika kabla plasta haijakauka vizuri. Shemeji alikuwa amelala amegeukia ukuta.

"Shemeji, wallahi ni mguu. Mimi nilishaamua."

"Nakuamini," alisema shemeji bila kugeuka. "Nilikutazama usoni, ulikuwa unaniachia njia. Lakini kukuamini hakuniungi mfupa."

Mdogo wake alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, mtoto amelala mapajani. Kufuli alimwekea kifurushi cha chakula pembeni yake. Hakukigusa.

"Nitawasaidia, mdogo wangu. Watoto ni wangu pia."

Mdogo wake aliinua macho. Hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza.

"King'ora cha kiwanda kimelia, kaka," alisema. "Nenda kazini. Wewe unayo."

Akaenda.