Skrini Inayosubiri Amina

Kazi ya Lynette Aloo ni kuuliza maswali kwa niaba ya mashine. Mtu akitaka kuondoa mfumo wa zamani kwenye kompyuta na kuweka mpya, kuna programu inayomwongoza: inamuuliza lugha, inamuuliza jina, halafu inamuuliza swali moja zito, kama vilivyomo ndani vifutwe au viachwe. Skrini hizo ndizo anazochora Lynette, katika karakana ya Yamumbi, pembeni mwa Eldoret, inayofufua kompyuta kuukuu kwa ajili ya shule.

Alikuja Eldoret kutoka upande wa ziwa akiwa msichana wa chuo, akidhani ataondoka masomo yakiisha. Sasa ana miaka arobaini na kitu, ameizoea baridi ya asubuhi, na anapofikiri huongea peke yake. Amejifunza kwamba kila swali unalomwongezea mtu linampa uwezo na hofu kwa pamoja. Ukimwondolea swali, anapumua, lakini umeshaamua badala yake. Hakuna skrini isiyomnyima mtu kitu. Jambo hilo humtia huzuni kidogo, kama mambo mengine mengi, ila halimzuii kuchagua.

Vincent, fundi wa karakana, alitaka swali zito liondolewe kabisa.

"Madam, mimi naweka mfumo kwa mashine meza nzima. Ni za msaada hizi, ndani kuna takataka ya watu hata hatuwajui. Nikisimama kubonyeza moja moja, chai nitakunywa saa ngapi?"

"Na mwalimu mwenye vitu vyake?"

"Si atabonyeza haraka? Ama hajui kusoma?"

Wakakutana katikati. Swali litabaki, jibu la "Futa vyote" likiwa limeshachaguliwa, na mtu asipogusa kitu kwa sekunde thelathini mashine itaendelea yenyewe. Vincent angepata chai yake, mwalimu angepata nafasi ya kubadilisha jibu. Lynette aliiona suluhu nadhifu.

Wakaenda kuijaribu katika shule moja ya msingi huko Ainabkoi. Mwalimu wa muziki, Rael, alijitolea kompyuta yake ya mezani, ambayo kuwaka tu ilikuwa shughuli. Kabla hawajaketi alimvuta Lynette kando, karibu na dirisha la chumba cha walimu.

"Madam, humo kuna kwaya zangu zote. Watoto wote nimefundisha tangu nije hapa. Wengine tumeshawazika. Nakala ilikuwa kwa simu, na simu ikaibiwa."

"Utachagua 'Acha vilivyomo', mwalimu. Hakuna wimbo utapotea."

Lynette angeweza kuzinakili nyimbo hizo kwanza. Lakini alitaka kumwona mwalimu akivuka skrini ile mwenyewe, bila kushikwa mkono, na aliiamini kazi yake.

Rael alijibu lugha, akajibu jina. Alipofika kwenye swali zito alilisoma kwa sauti, kisha akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Hapa ni pazito. Hatuwezi kuanza hivi hivi. Mzee Mabonga, tuombee."

Mzee Mabonga, mwenyekiti wa wazazi, alivua kofia. Chumba kizima kikasimama na kufumba macho, Lynette akiwemo, kwa maana alilelewa kanisani na mwili wake hutii kabla ya akili. Mzee alishukuru kwa mvua. Akashukuru kwa mahindi. Akashukuru kwa wageni waliotoka Eldoret salama, na alipokuwa akiwaombea barabara ya kurudi, Lynette alikumbuka.

Alifumbua jicho moja. Kwenye skrini zilibaki sekunde tisa.

Vincent, ng'ambo ya meza, alikuwa amefumba macho kama mtoto anayeogopa sindano. Rael alikuwa amekunja mikono kifuani, midomo ikitembea. Katika maisha yake yote Lynette hakuwahi kumkatiza mtu akiongea na Mungu. Alijirusha juu ya meza, kipanya hakukifikia, akashika waya wa umeme na kuuchomoa. Chupa ya chai ikaanguka sakafuni kwa kishindo.

"...na utulinde na kila kishindo, Bwana," Mzee Mabonga akaendelea bila kuyumba. "Amina."

Macho yalifumbuka. Skrini ilikuwa nyeusi.

"Madam! Umezima mashine katikati ya maombi?"

"Ilikuwa karibu kufuta nyimbo zako."

"Na nani aliiambia ifute?"

"Mimi," Lynette alisema.

Mzee Mabonga alivaa kofia yake polepole. "Mashine yenu haina adabu, mama. Hata ng'ombe wangu hungoja mtu amalize."

"Tunaweza kuongeza ziwe sekunde sitini," Vincent alinong'ona.

"Sitini? Kijana, mimi nilikuwa bado sijafika kwa wagonjwa."

Walirudisha waya. Mashine ikajikongoja hadi ikawaka, Rael akafungua wimbo wa kwanza aliouona, na sauti za watoto zikajaa chumbani, nyembamba na safi, pamoja na kikohozi cha mtu mmoja nyuma. Hakuna aliyekaa mpaka ukaisha. Ndipo Lynette akanakili zote kwenye flash mbili, akampa Rael moja na nyingine mkuu wa shule.

Waliporudi Yamumbi, Lynette aliiondoa ile hesabu ya sekunde. Aliondoa pia jibu lililochaguliwa mapema, na kabla ya "Futa vyote" akaifanya mashine itaje ilichokikuta ndani: nyimbo hizi, picha hizi, barua hizi. Skrini ikawa ndefu kuliko alivyopenda. Vincent alilalamika siku nzima, mpaka akapewa flash yake yenye programu isiyouliza chochote, iliyofungwa utepe mwekundu na isiyoruhusiwa kutoka karakanani. Sasa Lynette anatunza programu mbili badala ya moja. Hilo alilijua alipochagua. Bora achoke yeye aliyezoea kuliko apoteze yule asiyejua.

Walirudi Ainabkoi mwezi uliofuata. Rael alifika kwenye swali zito, akasoma nyimbo zake zikitajwa moja moja, akaondoa mkono. Mzee Mabonga alivua kofia. Alianza na mvua, akapita kwenye mahindi na barabara, na safari hii akawafikia wagonjwa, mmoja mmoja kwa majina.

Lynette alikuwa amefumba macho yote mawili.