Mtoto Mmoja Kwenye Fomu

Huku kwetu, juu kidogo ya Makumira, hakuna anayemwita Anande kwa jina lake. Ni Mama Blessing. Alianza kuitwa hivyo Novemba 2014, mwaka mmoja kabla hajamzaa Stanley, na mume wake Eliamini akawa Baba Blessing siku hiyo hiyo. Naandika haya kwa sababu mwaka huu kuna watu walijaribu kuyafuta majina hayo kwa kalamu, na mmoja wao ni Baba Blessing mwenyewe.

Anande ni mtu wa Machame. Alipoolewa kwetu alikuja na cherehani ya miguu, na ndiyo anayoitumia mpaka leo kwenye kibanda chake soko la Tengeru. Anashona sare za shule. Akikupima kiuno mara moja hasahau hadi mwakani. Akimpima mtoto wa darasa la kwanza anaacha upindo wa vidole vitatu na kumwambia mama yake, "Huyu atarefuka, usije ukanisumbua Julai." Akikasirika hapandishi sauti, anakanyaga cherehani. Wauza nyanya wa jirani wanajua. Wakiisikia inakwenda mbio bila kupumzika, hawamsemeshi.

Blessing ni mtoto wa Gadiel, mdogo wake Eliamini. Mama yake alifariki wiki mbili baada ya kujifungua. Gadiel naye alikufa kwa ajali ya pikipiki mtoto akiwa na miaka miwili, tukamzika kihambani kwao, kwenye shamba la migomba la nyumbani. Jumapili ya tarehe 9 Novemba 2014, baada ya ibada, ukoo ulikaa sebuleni kwa mama yao, Bibi Elirehema. Mimi ni katibu wa ukoo na kitabu kiko kwangu. Niliandika hivi: "Mtoto Blessing amekabidhiwa kwa Eliamini na Anande. Ni mtoto wao wa kwanza. Asiitwe yatima na mtu yeyote. Jina la Gadiel libaki katika cheti chake, lisipotee."

Hilo la mwisho lilitoka kwa Bibi Elirehema. Tuliweka sahihi watu kumi na wanne, wengine dole gumba, tukanywa chai tukaondoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema twende mahakamani tukachukue hati ya kuasili mtoto. Palikuwa na mwalimu mstaafu, palikuwa na mzee wa kanisa, nilikuwepo mimi ninayejidai kuandika kila kitu. Tuliona wino wetu unatosha. Nikikumbuka najikasirikia hadi leo.

Na kwa miaka kumi ulitosha kweli. Zahanati walimtibu, kanisani alibatizwa na Eliamini akasimama kama baba. Shuleni mmoja aliitwa Blessing Gadiel, mwingine Stanley Eliamini, na mwalimu mgeni alipohoji, Anande alimjibu pale pale mlangoni: "Unataka kujua nini, mwalimu? Wote wawili nimewashonea kwa kitambaa kimoja."

Eliamini amefanya kazi miaka kumi na minne katika shamba la maua karibu na Usa River, akishughulika na mabomba ya umwagiliaji. Ni fundi mzuri, hilo simnyimi. Desemba akapata habari ya kazi Omani, kusimamia umwagiliaji kwenye mashamba ya nyanya na matango ya ndani ya grinhausi. Nyumba ipo, shule ya watoto ipo, na mwajiri anasafirisha familia nzima. Tulifurahi wote. Mzee Abdiel, baba mdogo wao, alizunguka kijiji kizima akitangaza kwamba ukoo wetu sasa una mtu wa ng'ambo.

Anande akaanza kujiandaa kwa namna yake. Alikusanya vitambaa vyepesi kwa ajili ya joto la huko na kushona magauni mawili ya Blessing na kaptula nne za Stanley. Alimtafuta mtu wa kumwachia kibanda. Kila alipouliza pasipoti ya Blessing imefikia wapi, Eliamini alimjibu, "Inashughulikiwa."

Jumatatu tarehe 10 Machi alikwenda mjini, ofisi ya wakala wa ajira, kupeleka picha za watoto. Mezani alimkuta binti anayeitwa Joyce. Mazungumzo yao alinisimulia mwenyewe, neno kwa neno, na siku hiyo hiyo niliyaandika.

"Na picha za huyu mkubwa naziacha wapi, mwanangu?"

"Mkubwa yupi, mama?"

"Blessing."

Joyce alipekua faili. "Hapa kuna mke na mtoto mmoja. Stanley."

"Basi muongeze."

"Fomu aliijaza baba mwenyewe, mama. Januari. Na nilimweleza vizuri kabisa. Mtoto asiye wa kumzaa anasafiri akiwa na hati ya mahakama. Nikampa na karatasi ya maelekezo. Akasema huyo binti atabaki kwa bibi yake."

"Alisema hivyo lini?"

"Tarehe kumi na nne Januari. Sahihi yake hii hapa."

Anande aliomba aione. Penye idadi ya watoto palikuwa na moja, imechorwa na kikofia juu na kitako chini, vile vile Eliamini anavyoandika namba kwenye mabomba yake. Alizirudisha picha za Blessing kwenye pochi, akapanda gari mpaka Tengeru, akakaa kwenye cherehani. Wauza nyanya walihamisha viti vyao.

Zingatia tarehe. Kutoka tarehe 14 Januari mpaka siku ile ni wiki nane. Wiki nane Eliamini alijua mlango uko wapi na ufunguo ni upi, akakaa kimya. Kila jioni Blessing alimpokea begi getini, na yeye akampa.

Anande ndiye aliyeitisha kikao, Jumapili iliyofuata, sebule ile ile. Alikuja na kanga yake ya kanisani akakaa karibu na mlango.

"Mama Stanley," Bibi Elirehema alianza, "hebu tulia kwanza."

Watu waligeuka kumtazama Anande.

"Mama," Anande alisema, "leo naitwa nani?"

"Usinikamate kwa maneno. Mguu wangu huu umekufa. Nyote mkiondoka, nani atanikatia majani ya ng'ombe? Mnaniachia kaburi na zizi?"

"Kumbe ni majani."

"Siyo majani! Na wewe ukienda mahakamani watamfuta Gadiel. Watamwandika Eliamini. Mwanangu atakufa mara ya pili."

Mzee Abdiel akaona achangamshe. "Mama Blessing, wanawake wenzako wangekuwa wameshanunua miwani ya jua. Wewe unatafuta kesi."

"Nunua wewe, mzee wangu. Kichwa chako hakina hata unywele wa kukukinga."

Watu walicheka. Anande hakucheka. Alimgeukia mume wake, aliyekuwa anaangalia viatu vyake tangu tumeingia.

"Baba Blessing, sema."

"Niliogopa," Eliamini alisema. "Walisema mwenye matatizo ya makaratasi aseme mapema, nafasi apewe mwingine. Kuna watu watano walikuwa wanaingoja. Nikaona twende kwanza, tutamfuata baadaye."

"Matatizo," Anande alisema. "Binti yangu ni matatizo. Na hayo mabegi matatu uliyowanunulia watu wanne, ulikuwa unamfundisha kuhesabu?"

Kisha akaniambia, "Shemeji, soma kitabu."

Nilisoma. Nilipofika pale penye "mtoto wao wa kwanza" nilipasoma mara mbili, kwa hasira. Wengi wa waliotia sahihi walikuwa wamekaa pale pale, wanakunywa chai ile ile, na hakuna aliyenyanyua mkono kusema ile sahihi ni yangu na bado naisimamia. Mwalimu mstaafu alisema jambo hili ni la mume na mke. Mzee wa kanisa alisema tuombe. Tukaomba, kikao kikafungwa.

Kwa siku tano Anande alimpikia Eliamini, akamfulia, akamwekea maji ya kuoga, na hakumwambia hata neno moja. Ijumaa Eliamini akanijia. Alitaka nimpelekee isale.

Kwetu Wameru, kama kwa Wachaga, mtu akimkosea mwenzake kosa kubwa hukata jani la isale, mmea tunaoupanda mipakani na makaburini, hulifunga fundo, na mtu mzima mwingine hulipeleka kwa aliyekosewa. Ukiletewa isale hukatai. Hata kama ulikuwa umeapa, unapokea na unasamehe. Anande wa Machame anayajua hayo kutupita sisi. Eliamini alijua kwamba anayajua, na ndiyo maana alilitumia. Alitaka msamaha usio na maswali, halafu Alhamisi, siku ya safari, wapande ndege. Hilo nililiona wazi nikiwa nimesimama, na bado niliitikia. Nilijiambia mila ni mila.

Jumamosi tarehe 22, asubuhi kabla Anande hajaenda sokoni, tulikwenda mimi na Eliamini. Anande alikuwa uani, Blessing na Stanley wanaosha vyombo. Nilimnyooshea jani kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Kabla hajalishika, Blessing alisimama, mikono ina povu.

"Hilo ni la baba Gadiel," alisema.

Nililitazama. Lilikuwa na ukingo wa manjano. Masale ya mpaka wetu yote ni ya kijani tupu. Yenye ukingo wa manjano yako mahali pamoja tu, kwenye kaburi la Gadiel, na ni Blessing anayeyapalilia kila wiki.

"Nimeona limekatwa," mtoto aliendelea. "Nilidhani ni mbuzi."

"Eliamini," nilisema, "umelikata wapi?"

"Lilikuwa karibu," alisema. "Kulikuwa na giza, sikutaka watu wanione kule mpakani."

Bibi Elirehema alikuwa ameshatoka kwake, nyumba ya pili, anajikongoja na fimbo. Alisikia yote. Isale la kaburini halikatwi. Lile ndilo linaloonyesha kwamba mtu amelala pale na ana watu wake.

"Umemkata Gadiel," alisema. "Unamwacha mtoto wake, halafu unakwenda kwake kumkata jani la kuombea msamaha?"

"Mama, mimi..."

"Nyamaza! Nilikuzaa wewe kwanza ili umshike mwenzio." Akamgeukia Anande. "Mama Blessing. Nenda huko mahakamani. Nitakuja na mguu wangu huu kutoa ushahidi. Wamwandike wanavyotaka. Majani nitayanunua."

Anande hakumshukuru. Simlaumu. Maneno yale yangesemwa wiki iliyopita, au Januari, au mwaka 2014.

Alilipokea isale kutoka kwangu kwa mikono miwili.

"Nimepokea," alisema. "Kusamehe nimesamehe, shemeji, wewe ni shahidi, kaandike. Sasa Eliamini nisikilize." Tangu aolewe sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina. "Kusamehe si kupanda ndege. Alhamisi utakwenda peke yako. Mimi na wanangu tutakuja wote watatu, au hatuji."

"Nafasi ya familia inaweza kufungwa."

"Ifungwe."

Akampa Blessing lile jani, akamwambia akalichomeke pale pale lilipotoka.

Eliamini aliondoka Alhamisi tarehe 27. Nilimsindikiza mimi mpaka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, na njia nzima alinieleza jinsi alivyofanya kwa ajili ya familia. Begi moja lilikwenda naye. Mawili yako nyumbani, Anande ameyajaza mahindi ya mbegu.

Anande amepeleka maombi mahakamani, na ofisi ya ustawi wa jamii wamefika nyumbani mara mbili. Walihesabu vitanda, wakamhoji Blessing peke yake, wakamhoji na Bibi, ambaye aliwaweka saa nzima. Afisa alitueleza kwamba katika majina ya mtoto Gadiel anaweza kubaki. Kumbe hata hilo lilikuwa linawezekana, na hakuna aliyewahi kuuliza. Kitabu changu walikitazama, wakakisifu kwa mwandiko, wakanirudishia. Shauri limepangwa tarehe 17 Juni.

Eliamini hupiga simu Jumamosi mchana. Anande huitazama inavyoita, halafu humpa Blessing, ambaye siku za soko humsaidia kushona vifungo. Akipiga nyumbani ni vile vile. Anande ameshamwambia kwamba hatazungumza naye kabla hajazungumza na mtoto wake wa kwanza. Jumamosi ya kwanza Eliamini alikata simu. Ya pili aliuliza habari za ng'ombe. Ya tatu nilikuwepo, nimepeleka suruali ipunguzwe.

"Shikamoo baba," Blessing alisema.

Sauti ya Eliamini ilisikika mpaka nilipokaa. "Marahaba mwanangu. Hamjambo? Mama yupo?"

"Yupo. Baba, ile fomu umeibadilisha?"

Cherehani ilikuwa imesimama.

"Bado," Eliamini alisema. "Wanasema lazima niandike barua, nieleze kwa nini mara ya kwanza niliandika mmoja."

"Basi andika, baba. Ukishamaliza utusomee."

Akamrudishia mama yake simu. Anande aliikata bila kuipeleka sikioni, akavuta kitambaa, akaanza kukanyaga.